Kata ya Mama Elinami

Leseni ya kilabu ilikuwa na sharti moja gumu: kila mnywaji na kikombe chake, kisichofunguka mpaka kitambue kidole chake. Ukimpa mwenzako pombe kwa mkono wako, kilabu kinafungwa.

Mama Elinami, mwenye kilabu, alilizoea sharti hilo kama mtu anavyozoea pengo la jino. Ila kila alipokoroga mbege, pombe yake ya ndizi, aliikumbuka kata ya kibuyu iliyozunguka kilabu kizima zamani, yeye akiionja kwanza ili mgeni ajue haina sumu. Waliogombana asubuhi walipatana jioni wakipokezana kata ile.

Jumapili moja, nyumbani, aliiteremsha darini, akaiosha, akaijaza mbege. Akaonja, akampa mumewe kwa mikono miwili.

“Hapa hakuna leseni, Baba Elinami. Kunywa.”

Mzee aliipokea, akatabasamu kama enzi za uchumba wao. Kisha akabandika kidole gumba ukingoni, akangoja.

“Mbona haifunguki?”

“Iko wazi, mume wangu.”

Aliitazama mbege, akamtazama mkewe. Halafu akatoa leso mfukoni, akaanza kupafuta taratibu pale midomo ya mkewe ilipogusa.