Corona ya Kusukuma

Watu sita waliisukuma Corona, gari kuukuu la Nestor, asubuhi ile ya Jumapili, na wa saba alikuwa mke wake Gisèle, mwenye mimba ya miezi minane.

"Tia vitesi ya pili!" mzee Adolphe alipiga kelele kutoka nyuma.

Nestor akatia gia ya pili. Gari likakohoa, likatoa moshi mweusi, likawaka. Wote wakashangilia kama kawaida, kisha Adolphe akaanza kulalamika kama kawaida.

"Hii ni gari ao ni ng'ombe ya mugonjwa? Kila siku batu kusukuma tu!"

"Muzee, gari ya zamani ni muzuri," Nestor akajibu. "Mwizi haitaki. Mashimo ya barabara, ilishazoea yote. Ikiharibika, kila fundi anajua dawa yake. Shida ni stata tu."

Stata, ile mota ndogo inayoamsha injini ukizungusha ufunguo, ilikuwa imekufa tangu siku Nestor aliponunua gari kwa Isa. Huyu Isa alikuwa fundi wa mji wa Mbarara, Uganda, aliyewauzia nusu ya wakimbizi wa kambi ya Rubondo vipuri vya baiskeli na kuwapa umbeya bure. Kuficha kitu hakujui. "Mzee, gari iko sawa, stata ndiyo ilikufa. Utasukuma kidogo kidogo," alimwambia, na bei ikashuka hapo hapo. Gari lilikuwa la mwaka 1982, naye alilinunua mwaka 2008. Tangu siku hiyo Nestor alilitumia kila siku kupeleka maharage Mbarara.

Mtu mwenye gari la kusukumwa hulilaza mtelemkoni. Hilo hata mtoto analijua. Nestor alililaza mahali tambarare, mbele ya kanisa, penye watu. Akiulizwa, alisema breki haziaminiki.

Sasa, ukweli usemwe. Kabla ya gari hilo hakuna mtu Rubondo aliyemsalimia Nestor. Yeye na Gisèle walitoka mlimani, majirani wote walitoka kando ya ziwa, na huko kwao Kivu ya Kusini, Kongo, watu wa pande hizo mbili walikuwa wamechomeana nyumba. Mtoto wao wa kwanza, Emery, alipokufa kwa malaria, Nestor alichimba kaburi peke yake. Hakuna aliyekuja matanga. Hakuna aliyeuliza hata jina la mtoto. Jambo hilo lilimuuma Nestor kuliko vita yenyewe, akaapa kwamba wakijaliwa mwingine, hatazaliwa katika kimya kile.

Gari likaja. Siku ya kwanza lilizimika mbele ya kanisa, likaziba njia, na Adolphe akalazimika kulisukuma ili apitishe baiskeli yake. Kesho yake alilisukuma tena, akamwita Nestor mjinga. Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyowahi kumwambia. Wiki ya tatu wasukumaji walikuwa sita, na wake zao walikuwa wameanza kumwomba Gisèle chumvi.

"Mutu mwenye alisukuma gari yako asubui," Nestor alimwambia mkewe, "magaribi hawezi kukunyima moto."

Adolphe alilalamika kuliko wote, na kila asubuhi ndiye aliyefika wa kwanza.

Karibu na Pasaka ya mwaka uliofuata, Nestor alichelewa kurudi kutoka Mbarara, mikono yote grisi. Alisema Isa amembadilishia oili. Kesho yake gari likasukumwa kama kawaida.

Basi, Jumatano baada ya ile Jumapili Gisèle aliyosukuma gari, uchungu ukamshika kabla ya siku zake. Ilikuwa saa sita mchana, Septemba, na Rubondo nzima ilikuwa shambani ikipanda. Muuguzi wa zahanati alimpima, akasema neno moja: "Mbarara."

Nestor akamlaza mkewe kiti cha nyuma.

"Papa Emery, ita batu basukume!"

"Batu bote beko ku mashamba."

Nestor akatazama kulia, akatazama kushoto. Akazungusha ufunguo. Corona ikawaka mara moja, bila hata kukohoa.

Gisèle akasahau uchungu.

"Papa Emery."

"Naam."

"Siku ya kanisa nilisukuma hii gari."

"Ulisukuma."

"Na hii tumbo."

"Ulisukuma na mukono moja tu," Nestor akasema.

Gisèle angempiga, lakini uchungu ulirudi.

Barabara ilipita katikati ya mashamba. Watu wakainua migongo, majembe mikononi, wakaitazama Corona ikipita bila mtu nyuma yake. Adolphe alisimama shamba la mwisho. Hakupunga mkono. Nestor aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Mtoto wa kike alizaliwa salama kabla jua halijazama. Ijumaa walirudi naye Rubondo katika mvua kubwa, milango yote imefungwa, na hakuna aliyetoka kuwapokea. Nestor alililaza gari palepale tambarare, akambeba mtoto ndani. Alijua amekwisha. Nani angesukuma gari la mwongo? Nani angemletea Gisèle uji?

Asubuhi alitoka na ufunguo mkononi, amekusudia kuwasha gari upesi na kwenda zake kabla hajaonwa.

Watu sita walikuwa wamesimama nyuma ya Corona, mikono imeshaegemea bati. Wake zao walikuwa wanakuja na sufuria.

"Muzee," Nestor akasema, "stata iko muzima."

"Tunajua." Adolphe akatemea viganja mate. "Isa alituambia tangu Pasaka. Ingia, Papa Emery, tia vitesi ya pili."