Kadi Juu ya Mkeka

Matanga yalipoanuliwa, Saumu aliurudisha mkeka chumbani kwa Mwanaidi, mjane wa kaka yake, akaanza kuzipanga juu yake zile kadi alizozikuta hapo siku ya msiba.

"Nilizizoa haraka, wifi, wageni wapate pa kukaa. Sikujua ipi inaanza."

Mwanaidi, aliyekuwa akikaa eda, alitazama tu. Alikuwa mtunzi wa riwaya. Kila tukio aliliandika kwenye kadi yake, kisha akazitandaza zote na kuzihamishahamisha mpaka hadithi ikae sawa. Hii ilikuwa hadithi ya mke na mume. Kadi ya mwisho aliiandika wiki ile ile ya msiba, bila kujua yatakayomfika: *Mume anazikwa.*

Sasa Saumu alikuwa ameiweka mwanzo kabisa, upande wa ukutani. Iliyofuata, mume anaugua. Kisha ugomvi wa paa linalovuja, kisha harusi, na vigelegele vyake. Ya mwisho ilifika karibu na mlango: *Mume anarudi na mkate, anabisha hodi.*

"Nimevuruga?" Saumu aliuliza.

Mwanaidi aliyangoja machozi. Hayakuja, kama yasivyokuja siku ya mazishi. Kifua kilikuwa kimya kama nyumba iliyohamwa.

"Hujavuruga," alisema. "Ziache."

Saumu aliziruka kadi kwa uangalifu, akatoka. Alipokuwa akiuvuta mlango, Mwanaidi alimwita.

"Usiufunge kabisa, wifi. Rudishia tu."