Intaneti Chumbani kwa Mama

Picha ya kaka ilikwama kwenye simu ya Salha. Kaka alikuwa Maskati, akisubiri kuuona uso wa mama yao kabla sanda haijafungwa.

Bando lilikuwa limeisha kwa kuwapigia ndugu, na intaneti ya nyumba haikuwahi kupenya vizuri hadi chumba cha nyuma, alikolazwa mama. Mama alizoea kuongea na kaka akiwa sebuleni.

"Lisogeze hilo dude la intaneti huku," alisema shangazi, mikono ikinukia karafuumaiti. "Ila fanya haraka, mwanangu. Wanaume wanasubiri na jeneza."

Salha akapita kati ya wanawake walioketi mikekani sebuleni, akachomoa ruta ukutani. Taa zake zote zikazimika, simu ikakatika. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba ikizimwa huchelewa kushika mtandao.

Akaichomeka chumbani, miguuni pa mama. Taa moja ikawaka kijani. Ya pili ikabaki nyekundu.

"Bado?"

"Bado kidogo, shangazi."

Nje mtu akakohoa. Shangazi alimtazama mama, akamfunika sanda usoni taratibu, kama anayemfunika mtoto aliyelala.

Alipokaza fundo la kichwani, simu ikaita. Alikuwa kaka.

Salha akaiangalia ikiita.