Kaa Aliyebana Ukili wa Panya

Panya mmoja mwenye watoto wachanga alirithi ukili mrefu, ule msuko wa kushonea mkeka, ulioandikwa maagizo yote ya nyumba. Kasuku alisoma, Panya akatenda.

Kipande kimoja kilisema: “Nikate, nipachike kwingine!” Kila kilipopachikwa, agizo jingine liliharibika, na sasa zamu ya kuharibika ilifikia la kunyonyesha.

“Ruka hapo, shoga!” Panya aliomba.

“Mimi nikionacho hukisoma,” Kasuku akajibu.

Kaa, aujuaye ukili kwa kupapasa, akakibana kipande kile kwa gando, akamwita Jongoo, naye akajiviringisha nacho hadi kikawa fundo.

“Mnanikatia urithi!” Panya akalia.

“Hatukati, bibi. Tunakunja,” Kaa akamjibu.

Kasuku akafika kwenye fundo, asione neno, akapita, akasoma agizo lililofuata: “Nyonyesha watoto.”

Panya akashusha pumzi, akajilaza ubavu. Kaa, mpaka leo, gando hajalilegeza.