Alama ya Kidole

Pakiti ya kijani ya vitafunwa, ile ambayo mafundi wa kwao huiweka juu ya mitambo kama hirizi ili mitambo isinune, ilikuwa haijapitwa na tarehe yake ya mwisho. Basi kosa lilikuwa la mtu.

Siku ya pili hiyo mtandao wa hospitali unatambaa kama kobe. Fundi Pi-yun, mgongo ukimuuma, alichomoa waya wa arobaini na moja wa nyuzi za kioo, zile zinazopitisha data kwa mwanga, akaichungulia ncha yake kwa kidarubini.

"Mafuta ya kidole," akasema kwenye simu. "Yameziba mwanga."

"Si nilikwambia, dada!" mkuu wake akacheka. "Mikono ya yule fundi mzee niliyemfukuza kazi jana. Njoo tule tambi!"

Pi-yun akaigeuza lebo ya waya, ambapo aliyeuchomeka huandika jina lake. Mwandiko ulikuwa wa Pi-yun mwenyewe.

"Mkuu," akasema, "mpigie mzee arudi."