Viganja vya Ukuta wa Ghala

Doa la bluu lilikuwa kwenye mkono wa gauni la Evelyne, na Agnetha aliliona kabla gauni halijakauka kambani. Akalisugua kwa ukucha. Halikutoka.

Rangi ya mafuta, basi. Na kijiji kizima cha Ijumbi rangi hiyo ilikuwa mahali pamoja tu: ukuta wa ghala la kahawa.

Ukuta ule ulikuwa kazi ya Judica, binti mchoraji kutoka Nyanga, kule Bukoba. Alichora nyumba kubwa yenye mlango uliofungwa, kisha akasimama mkutanoni akatangaza: yeyote anayepigwa kwao, au aliyewahi kupigwa, aje aweke kiganja chake. Jina haliandikwi. Ila kila mtu akiweke kwa kimo alichokuwa nacho siku alipopigwa mara ya kwanza. Watu walicheka. Viganja vilipoanza kuonekana, waliocheka wakaanza kuangaliana.

Agnetha hakucheka tangu mwanzo. Yeye alikuwa mjane wa Rugaibula, mzee wa kanisa, aliyezikwa kwa kwaya mbili. Picha ya marehemu, amevaa tai, ilining'inia sebuleni, na kila asubuhi Agnetha aliifuta vumbi. Heshima ya nyumba ile ndiyo mali aliyobaki nayo. Sasa mkamwana ameipeleka ukutani? Kama kiganja cha Evelyne kilikuwa pale, angerudi kwao Kimwani leo leo, na masufuria yake.

Mchana, wakati wa kula, aliwachunguza. Mwanawe Rwekaza alikaa pale anapokaa siku zote, mgongo ameupa picha ya baba yake, akimega ndizi kwa ule mkono wenye kidole cha mwisho nusu. Panga hilo, utotoni, akikata majani ya migomba. Agnetha alikuwa ameisimulia ajali ile mpaka majirani wangeweza kumsimulia yeye. Leo mkono ulinuka mafuta ya taa. Lakini fundi pikipiki anuke nini kingine?

"Umegusa nini chenye bluu?" Agnetha akamuuliza Evelyne.

Evelyne akamtazama mumewe kwanza. Hilo Agnetha hakulipenda hata kidogo.

"Namsaidia Judica kukoroga rangi, Mama."

"Kukoroga tu?"

"Nenda ukaangalie mwenyewe, Mama," Rwekaza alisema taratibu.

Makubwa haya. Mume anayepiga mkewe anamwambia mama yake nenda ukaangalie? Na huyu Rwekaza, kama yeye mama yake anavyomjua, hajawahi kumfokea hata mbuzi. Kwa hiyo ni Evelyne ndiye anayemsingizia, na mume mwenyewe amelishwa maneno. Kikulacho ki nguoni mwako.

Akajifunga kitenge, akamwamuru Evelyne atangulie. Njiani jirani mmoja aliwasalimu kutoka kibanjani kwake, katikati ya migomba, na Agnetha akampungia mkono wa kushoto. Wa kulia haukuwahi kunyooka vizuri tangu alipoteleza kisimani, akiwa bado bi harusi.

Ghalani, Judica alikuwa juu ya ngazi akipaka paa la ile nyumba yake. Agnetha hakumsalimu.

"Weka mkono wako hapa," alimwambia Evelyne, akimsukumia kwenye kiganja kilichokuwa usawa wa bega.

Kilikuwa kikubwa mno. Kilichofuata kilikuwa chembamba, vidole virefu. Akampitisha kimoja baada ya kingine, kama mtu anayemjaribishia mtoto viatu gulioni, na Evelyne akatii bila kunung'unika. Hakuna hata kimoja kilichomtosha.

Agnetha akashusha pumzi. Alifurahi, tena alifurahi kabisa, na aibu ikamshika kwa kumshuku mtoto wa watu.

"Twende nyumbani," alisema. "Jioni nitapika mimi, wewe upumzike."

"Bado kimoja, Mama," alisema Evelyne, akachuchumaa.

Agnetha akainama. Kiganja kilikuwa chini, usawa wa kichwa cha mtoto anayeanza shule. Lakini chenyewe kilikuwa cha mwanamume mzima, kipana, na kidole cha mwisho kiliishia nusu.

Juu yake paliachwa nafasi tupu, usawa wa bega la mwanamke. Evelyne akainuka na sahani ya rangi, akaisogeza upande wa mkono wa kulia wa mama mkwe wake.

"Rwekaza amesema hapa pasiguswe na mtu, Mama. Ni pako."