Taa ya Jogoo

Sikukuu ya mfalme, mtaa mzima tunatandika mablanketi barabarani na kuuza vikorokoro vya nyumbani. Mwaka huu niliapa taa ya mume wangu Wiebe hairudi ndani. Ni jogoo wa kauri mwenye balbu mdomoni, ananikodolea macho kila nikila.

Mama mmoja mwenye kofia ya rangi ya chungwa alikuwa ameshaikumbatia. "Utaniuzia bei gani, dada?"

"Chukua bure, mwenzangu, mradi uondoke nayo."

Mkono ninaoujua ukaidaka.

"Samahani, bibie, mimi nalipa," akasema Wiebe, krimu ya keki imemganda kwenye masharubu. Akanigeukia, uso unang'aa. "Mke wangu, tunayo kama hii nyumbani. Sasa zitakuwa mbili."

"Wiebe, hebu itazame vizuri."

Akaigeuza. Chini ya mkia palikuwa na donge la gundi lenye alama ya dole gumba. Akaweka lake pale, likaingia sawasawa.

Akaibana kwapani.

"Kitendawili, mume wangu," nikamwambia.

"Utanitegea nyumbani," akasema, akafungua pochi. "Bei gani?"